Kipande Kilichobaki Mahakamani

Jumatatu ni siku ya mashuka. Nyumba ya wageni ya pale kona huleta mashuka arobaini, na Mama Dobi huyapokea kwa mikono miwili na lawama kumi.

"Wageni wenu wanalala au wanalima?" alimwuliza mhudumu aliyeyaleta.

"Mama, mimi naleta tu."

"Haya, leta. Hili lina chai. Hili lina nini? Usiniambie. Sitaki kujua."

Mama Dobi alifanya kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Palikuwa na meza mbili za kupigia pasi na beseni nne kubwa. Ukutani palikuwa na msumari mrefu uliojaa vipande. Kipande ni karatasi ndogo yenye namba, na ina nusu mbili. Nusu moja anapewa mteja. Nusu ya pili inabanwa kwa pini kwenye nguo. Mteja akirudi, nusu zinalinganishwa, nguo inatoka, na kipande kinachanwa.

"Kipande kikichanwa, maneno yamekwisha," Mama Dobi alipenda kusema. Hakuwa na muda wa mteja anayerudi wiki ya tatu kudai kifungo.

Mumewe alikuwa fundi wa baiskeli. Alifanya kazi barazani, nje ya mlango huohuo. Kwa hiyo mke alisikia kila nyundo ya mume, na mume alisikia kila neno la mke. Walikuwa wameishi hivyo miaka ishirini na sita na hakuna aliyekuwa kiziwi bado.

Saa nne asubuhi binti yao aliingia akikimbia.

"Mama! Baba! Nimepita!"

Watu walimwita Breki, kwa sababu utotoni hakuwa nazo. Akianza kukimbia, hasimami mpaka agonge kitu. Sasa alikuwa na miaka ishirini na minne na leseni ya udereva. Hospitali ilitaka dereva wa gari la wagonjwa. Waombaji walikuwa kumi na saba, na katika jaribio la kuendesha Breki alikuwa wa kwanza.

"Wa kwanza!" baba yake alipiga kelele. "Damu yangu hiyo!"

"Damu yako inaendesha baiskeli isiyo na kengele," alisema Mama Dobi. Lakini alikuwa anacheka, na mkono wake wenye povu ulikuwa tayari shingoni mwa binti yake.

Baba alisimama katikati ya barabara akawatangazia wapita njia. Mwenye mkokoteni alimpongeza. Mwenye duka la mkaa alimpongeza. Hata mtu mmoja aliyekuwa amepotea njia alimpongeza.

"Bado kuna fomu hii," Breki alisema. "Inatakiwa Ijumaa, na siku hiyo mkuu wa usafiri ananihoji."

Alikaa kwenye meza ya pasi akaanza kujaza. Jina. Umri. Leseni. Alifika swali la tisa, kalamu ikasimama.

"Mama, njoo usome hapa."

Mama Dobi alisoma kwa sauti. "Je, umewahi kutiwa hatiani na mahakama yoyote, ukiwa mtoto au mtu mzima? Eleza."

Nje, nyundo ya baba ilinyamaza.

Wote watatu walijua jibu. Breki alipokuwa na miaka kumi na sita, alipata rafiki mkubwa kuliko yeye. Jioni moja walimvizia mama muuza vitambaa akitoka sokoni. Rafiki alishika chuma. Breki alikwapua mfuko. Yule mama aliung'ang'ania, akaanguka, akavunjika mkono mahali pawili.

Mahakama haikuliita jambo hilo mchezo wa utoto. Ililiita unyang'anyi wa kutumia nguvu. Breki aliwekwa chini ya uangalizi miaka miwili. Kila Jumamosi alifanya kazi hospitalini bila malipo, akisukuma vitanda na viti vya wagonjwa. Aliomba radhi. Hakumwona tena rafiki yule. Na tangu hapo hakufanya kosa lolote.

Uangalizi ulipokwisha, Breki akiwa ameshatimiza miaka kumi na minane, Mama Dobi alichukua bahasha yenye karatasi zote za mahakama. Akazitia kwenye pasi ya mkaa, moja moja. Ziliwaka vizuri. Kwa moto huohuo akanyoosha suruali ya mumewe, wakala wakanywa, wakacheka. Mambo ya utotoni yamefutika. Kipande kimechanwa.

"Andika Hapana," alisema sasa.

"Mama..."

"Ulikuwa mtoto. Mtoto hana rekodi. Na karatasi ziko wapi? Majivu. Nani atakuja kuyasoma majivu?"

"Wameandika 'ukiwa mtoto au mtu mzima'."

"Wameandika hivyo kuwatisha waoga. Wewe ni mwoga?"

Breki aliinamia meza. Aliandika kitu, akaikunja fomu, akaenda uani kuanika mashuka. Aliyaanika taratibu sana, kama mtu anayejianika mwenyewe juani.

*

Saa tisa alasiri alikuja Mama Mafaili kuchukua mashati yake.

Mama Mafaili alikuwa afisa ustawi wa jamii. Alikuwa amehamia mtaa huo mwaka uliopita. Kazi yake ilikuwa kesi za watoto, na kila mara alitembea na mafaili kwapani, hata akienda kununua nyanya. Ndiyo sababu ya jina.

Mama Dobi alimpa kiti. Akafuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Mama Mafaili, nina swali. Si langu. Kuna mama mmoja mtaa wa pili huko, simtaji jina."

"Usimtaje."

"Ana binti yake..."

"Dereva?"

"Nani kakwambia dereva?"

"Mumeo katangazia mtaa mzima tangu asubuhi. Lakini endelea. Tuko kwa mama wa mtaa wa pili."

Mama Dobi aliendelea. Alieleza yote: mfuko, mkono uliovunjika, miaka miwili ya uangalizi. "Na huyo mama anasema mtoto akifika miaka kumi na minane, yote yanafutika. Karatasi zenyewe kazichoma."

"Kazichomea wapi?"

"Kwenye pasi."

"Kumbe na yeye ni dobi!"

Barazani kitu cha chuma kilianguka, na kicheko cha baba kikaingia chumbani. Mama Dobi alijaribu kununa, akashindwa. Akacheka mpaka akafuta macho kwa aproni.

"Haya. Ni mimi," alisema. "Nimekosea wapi?"

Mama Mafaili alifungua pochi, akatoa nusu ya kipande cha mashati yake.

"Nikiichana hii sasa hivi, shati langu linapotea?"

"Litapoteaje? Nusu yake iko kwenye kola, na namba iko kwenye daftari langu."

"Basi. Wewe ulichoma nusu ya mteja. Nusu ya pili iko mahakamani. Namba iko kwenye daftari la polisi, pamoja na alama za vidole. Zile hazijui kama umewasha pasi."

Mama Dobi alikaa juu ya lundo la mashuka machafu. Hakuona hata alipokaa.

"Lakini alikuwa mtoto!"

"Alikuwa mtoto, na sheria ilimwangalia kama mtoto. Ndiyo maana alilala nyumbani kwake, si gerezani. Ila kosa si sawa na kosa, dada yangu. Mtoto akiiba embe au akivunja dirisha, mara nyingi jambo linamalizwa mapema, na pengi rekodi hufungwa akishakuwa mkubwa. Makosa mazito ni mengine. Kujeruhi, kunyang'anya kwa nguvu, kuchoma nyumba, kubaka, kuua. Hayo mara nyingi hayajifuti yenyewe siku ya kuzaliwa. Yanaweza kubaki miaka mingi. Pengine mtoto mwenye kosa kama hilo hupelekwa hata mahakama ya watu wazima, na rekodi yake ikawa ya mtu mzima."

"Na ikibaki, inafanya nini?"

"Inamfuata. Akiomba kazi ya kukaa na watoto au wagonjwa, wataitazama. Akitaka silaha, au kibali fulani, wataitazama. Na akifanya kosa jingine ukubwani, hakimu anaweza kulisoma na lile la zamani, adhabu ikawa nzito zaidi."

"Kila mahali ni hivyo?"

"Hapana. Sheria hazifanani, na zinabadilika. Kwa hiyo mtu asikisie, wala asimsikilize jirani tu, hata jirani mwenyewe akiwa mimi. Aende mahakamani, au kwa watu wa msaada wa kisheria, aulize: rekodi yangu iko wapi, nani anaruhusiwa kuiona, na naweza kuomba ifungwe?"

Mlango wa uani ulifunguka. Breki alisimama pale na shuka bichi begani.

"Shikamoo, Mama Mafaili."

"Marahaba, mwanangu. Umesikia?"

"Nimesikia." Akaitoa fomu. "Niliandika Hapana. Lakini niliiandika kwa penseli."

Mama Mafaili aliitazama ile Hapana nyembamba. Hakucheka.

"Mwanangu, lile kosa lilikuwa la mtoto wa miaka kumi na sita. Ukiikoleza hii kwa kalamu, uongo huu utakuwa wa mtu mzima wa miaka ishirini na minne. Huo hautakuwa na uangalizi wala huruma."

"Na akisema kweli wakamkataa?" Mama Dobi aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Wanaweza kumkataa. Sikudanganyi."

Breki alichukua kifutio. Alifuta taratibu, akapuliza vumbi. Mama yake alimtazama na hakumzuia.

*

Jumatano Mama Dobi alifunga kazi. Hakuwahi kufunga siku ya Jumatano, hata alipougua. Mumewe aliandika kibao akakitundika mlangoni: DOBI YUKO MAHAKAMANI. SI MSHTAKIWA.

Masjala ya mahakama ilikuwa chumba kirefu chenye rafu mpaka darini. Karani alikuwa kijana mwenye miwani na mafua.

"Namba ya kesi?"

Breki alimtazama mama yake. Mama Dobi alitazama dari.

"Hatuna," alisema Breki. "Karatasi zetu ziliharibika."

"Ziliharibikaje?"

"Kwa moto."

"Poleni sana! Nyumba iliungua?"

"Hapana," alisema Mama Dobi. "Suruali ilinyooka."

Karani hakuelewa, na hawakumweleza. Bila namba, ilimbidi atafute kwa jina na mwaka. Alipanda ngazi. Alishuka. Alipiga chafya. Zilipita saa mbili.

"Mngekuwa na ile karatasi yenu, ningetumia dakika tano," alisema alipoleta faili, limejaa vumbi.

Walilisoma pamoja kwenye benchi. Kurasa za mwanzo ziliuma. Mama Dobi alisoma tena habari za chuma na mkono uliovunjika, akafunua haraka. Lakini nyuma kabisa kulikuwa na karatasi asiyoikumbuka. Ilikuwa ripoti ya mwisho ya uangalizi. *Amemaliza muda wake bila kosa. Hajachelewa hata Jumamosi moja. Wauguzi wanamwamini. Anafaa kusaidiwa kupata kazi.* Chini palikuwa na sahihi na muhuri.

"Hii nayo ilikuwa kwenye ile bahasha?" aliuliza.

"Ilikuwamo, Mama."

Mama Dobi alipiga paji la uso. Kumbe alikuwa amechoma aibu pamoja na sifa, kwa moto mmoja.

Waliomba nakala yenye muhuri ya hukumu na ya ripoti. Breki akauliza kuhusu kufunga rekodi. Karani alimpa fomu ya ombi.

"Kosa la kutumia nguvu halifungwi hapa mezani," alisema. "Lazima hakimu asikilize. Tarehe ya karibu ni miezi miwili ijayo. Anaweza kukubali, anaweza kukataa."

"Nitajaza," alisema Breki. Na alijaza palepale, kwa kalamu.

*

Ijumaa shati la Breki lilipigwa pasi mara tatu. Kabla ya mara ya nne Breki alilivaa akakimbia.

Mama Dobi alikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu wa usafiri wa hospitali. Aliambiwa asubiri kwenye geti. Lakini geti halina dirisha, na ofisi ilikuwa nalo, tena wazi.

Mkuu wa usafiri alikuwa mtu mfupi mwenye sauti nzito. Alikuwa na bahasha mezani, kutoka polisi.

"Swali la tisa umejibu Ndiyo," alisema. "Nieleze."

Breki alieleza. Alitaja mwaka, kosa na hukumu. Hakumsingizia rafiki. Wakati akisema, yule mtu alifungua bahasha akaweka karatasi ya polisi kando ya fomu. Kidole chake kimoja kilishuka huku, kingine kule, mstari kwa mstari, kama vile Mama Dobi anavyolinganisha vipande. Vidole vilifika chini pamoja.

"Vinalingana," alisema. "Jana nilimkatalia mwombaji mmoja. Kosa lake lilikuwa dogo kuliko lako. Ila aliandika Hapana."

Nje, Mama Dobi alishika benchi.

"Lakini sijamaliza. Mgonjwa ndani ya gari langu hana nguvu hata ya kushika mfuko wake mwenyewe. Kwa nini nikupe wewe gari hilo?"

Breki aliweka mikono mezani.

"Yule mama niliyemwangusha alikuwa akija hapa kwa mazoezi ya mkono," alisema. "Jumamosi moja nikaambiwa nimsukume kwenye kiti. Alinitambua. Nilidhani atapiga kelele. Tulipofika mlangoni akanipa mfuko wake. Akasema, 'Kaa nao mpaka nitoke.' Nilikaa nao saa nzima, nimesimama, sikuthubutu hata kuuweka chini. Sijawahi kubeba kitu kizito kama kile. Alipotoka hakuhesabu chochote. Alisema tu, 'Twende.' Wagonjwa wako nitawabeba hivyo."

Mama Dobi hakuwa amewahi kuisikia habari hiyo. Miaka minane wanakula sahani moja, na hakuwahi kuuliza, kwa sababu alitaka yasitajwe kabisa. Sasa alilia pale benchini, waziwazi. Muuguzi aliyepita akamwonyesha njia ya wodi.

"Sina mgonjwa," alisema Mama Dobi. "Nina dereva."

Ndani, mkuu wa usafiri aligonga muhuri.

"Miezi sita ya majaribio. Utakaa na dereva mkongwe. Ukichelewa, nje. Ukidanganya, nje. Na mwambie mama yako dirishani aache kulia, ananipotezea usikivu."

*

Miezi miwili baadaye walisimama mbele ya hakimu. Alisoma ripoti ya zamani na barua ya hospitali. Hakukubali yote. Aliamua kwamba waajiri wa kazi za kawaida wasionyeshwe tena rekodi ile. Polisi na mahakama wangebaki nayo, na kazi za kukaa na watoto au wagonjwa zingeweza bado kuiuliza.

"Yaani doa limetoka nusu," alisema Mama Dobi nje ya mlango.

"Wewe ni dobi," alijibu Mama Mafaili. "Doa la damu likitoka nusu, unalia?"

"Nashangilia!"

Wakashangilia, mpaka askari wa mlangoni akawaomba wakashangilie barabarani.

Tangu hapo wazazi walianza kuja chumba cha mbele bila nguo chafu. Mmoja mwanawe kakamatwa kwa kupigana kwa kisu. Mwingine bintiye kafikishwa mahakamani. Mama Dobi hakuwabembeleza.

"Usiniambie ni mtoto tu. Kisu hakijui umri. Nenda naye kila siku ya kesi. Omba msaada wa kisheria kabla hajakubali chochote. Karatasi zote tunza, hasa ya kumaliza adhabu. Ukiona pasi, pita mbali." Kisha aliwaita watoto wenyewe kando. "Na wewe sikiliza. Ukifanya jambo zito leo, mtu wa kulijibu ni wewe wa miaka ishirini na minne. Mwonee huruma."

Majaribio yakaisha. Breki akakabidhiwa gari peke yake. Baba yake alikuwa na ombi moja tu.

"Ukipita hapa kwetu, tupigie king'ora. Kidogo tu. Mtaa usikie."

"Baba, king'ora ni cha mgonjwa."

"Mimi goti linaniuma."

"Hapana, Baba."

Baba alinuna siku tatu. Siku ya nne, karibu na adhuhuri, king'ora kilisikika kwa mbali. Kilikuja kikikua. Mwenye mkokoteni alivuta kando. Baiskeli zilipanda barazani. Gari jeupe lilipita katikati ya barabara, kasi lakini limetulia, na ndani Breki alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, macho mbele. Hakugeuza shingo.

"Hakututazama hata kidogo!" baba alilalamika, huku anarukaruka na spana mkononi.

"Akutazame wewe, kwani wewe ndiye mgonjwa?" alisema Mama Dobi.

Mteja mgeni alikuwa amesimama mlangoni na furushi lake. "Ni mwanamke anayeendesha lile? Mnamfahamu?"

Mama Dobi alifuta mikono, akajinyoosha.

"Ni binti yangu," alisema. "Niulize lolote juu yake. Nitakujibu."